Barua Chafu kwa Jina la Wangare

Alisaini.

Najua, najua. Dereva mmoja wa lori alinipigia simu kutoka Salgaa akaniambia nikithubutu kumfanya Chelagat atie sahihi ile karatasi, yeye na gazeti hili basi. Mama mmoja wa Keringet naye akatuma ujumbe kwamba anamwombea binti wa watu asimame imara. Poleni sana. Kazi yangu ni kuwaambia yaliyotokea, si yale mngependa yatokee.

Juma lililopita tulimwacha Chelagat ofisini mwa mwenyekiti Kiprugut, kalamu mkononi, karatasi mbele yake, na Kiprugut mwenyewe amemkazia macho. Basi kalamu ikashuka. Chelagat akaandika jina lake lote, akaongeza na tarehe bila kuambiwa, kisha akairudisha kalamu mezani taratibu.

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema kwamba yeye, mtaalamu wa kompyuta wa Ushirika wa Maziwa Mapambazuko, amechunguza na kubaini kuwa barua pepe zote chafu zilitumwa na karani Wangare kutoka akaunti yake mwenyewe. Uongo mtupu, kuanzia mstari wa kwanza hadi nukta.

Kwa wewe uliyeliokota gazeti hili leo hapo kwa kinyozi, ngoja nikupashe haraka tuendelee pamoja.

Wangare ni karani anayesajili wakulima katika ofisi kuu ya Ushirika, hapa Nakuru mjini. Ni mzaliwa wa Subukia, mama wa watoto, kiongozi wa kwaya. Na ni rafiki wa kufa kuzikana wa Chelagat. Chelagat alipoletwa ofisini mgeni kabisa, Wangare ndiye aliyemtafutia nyumba ya kupanga na kumwonyesha mama mboga asiyepunja.

Sasa, mwezi huu barua pepe zilianza kumwagika kwa jina la Wangare, maelfu kwa maelfu, zikitangaza dawa za nguvu za kiume. Zilifika kwa walimu wakuu. Zilifika kwa wanunuzi wa maziwa. Zilifika kwa askofu. Ndiyo, askofu, na zikiwa na picha. Kwaya ikamwambia Wangare apumzike kidogo, na wewe unajua kupumzishwa kanisani kunavyouma.

Wale wanaolinda barua pepe duniani nao wakaona Ushirika wetu ni kiota cha takataka, wakaufungia. Tangu hapo hata barua ya halali, ya kusema maziwa ya kesho yako tayari, inatupwa kabla haijasomwa. Hoteli moja ya Naivasha ilingoja jibu letu hadi ikachoka ikaenda kununua kwingine. Halmashauri ya Ushirika inawaka moto. Inataka mtu wa kubebeshwa huo mzigo, na jina lililo kwenye barua ni la Wangare.

Na ukweli je? Ukweli anao Chelagat, na unamla.

Mzee Kahiga, mwenyekiti wa zamani, alipofariki, kamati ya mazishi ilikaa katika ukumbi wa Ushirika. Seva yetu, ile mashine inayobeba barua za ofisi kuzipeleka nje, ilikuwa na desturi nzuri. Kabla ya kubeba barua yoyote humuuliza anayeituma: wewe ni nani, na pasiwodi yako iko wapi? Ukikosa jibu, barua haiendi. Ukitaka kutumia jina la mwenzako, haiendi vilevile.

Makarani wa vituo vya maziwa vya Keringet na Subukia walikuwa wamesahau pasiwodi zao, na kila mmoja alikuwa na tangazo la kutuma. Basi la waombolezaji linatoka wapi, kwaya gani itaimba, nani analeta hema. Kiprugut, ambaye wakati huo alikuwa makamu na ndiye aliyeongoza kamati, akamwambia Chelagat ayaondoe hayo maswali mpaka mzee azikwe.

Chelagat alikataa. Aliombwa tena. Na nani, niambieni, anaikatalia kamati ya mazishi? Huku kwetu ukifanya hivyo utasemwa hadi siku yako ifike, na siku hiyo utaona watakaokuja kukuzika. Akayaondoa. Mzee Kahiga akazikwa kwa heshima, watu wakala wakashiba. Maswali hayakurudishwa. Kiprugut alisema kazi imekuwa nyepesi, yaache tu, na Chelagat akayaacha.

Wezi wa mtandaoni huzunguka usiku na mchana wakijaribu milango ya watu. Wakaupata mlango wetu uko wazi. Jina la Wangare walilitoa kwenye tovuti ya Ushirika, pale wakulima wanapoelekezwa kwake. Hawakuhitaji pasiwodi yake wala kumjua.

Haya, sasa uko nasi.

Kiprugut aliichukua karatasi akaikunja vizuri, akaitia mfukoni mwa koti. Alimwambia Chelagat kwamba amefanya jambo la busara, kwamba mambo yaishe mapema watu warudi kwa kazi. Alimkumbusha kuwa kandarasi yake inafika kikomo hivi karibuni na kwamba yeye, mwenyekiti, hamsahau mtu anayeelewa. Akamuuliza na hali ya mguu wa mama yake kule Keringet.

Huyu mzee alijua pa kubonyeza. Mguu wa mama unatibiwa kwa bima ya kazini. Bila kazi hakuna bima, na bila bima daktari alishasema neno ambalo Chelagat hataki kulikumbuka.

Aliinuka. Akatoka.

Nje ya chumba cha mkutano, kwenye benchi, alikuwa ameketi Wangare. Alivaa suti yake ya Jumapili, ile ya bluu, maana halmashauri ilikuwa imemwita baada ya chakula cha mchana aje ajitetee kabla ya kufutwa. Alipomwona Chelagat alivuta mkoba wake pembeni ili apate nafasi ya kukaa.

Chelagat hakukaa. Wangare akamkatia nusu ya chapati aliyobeba kwenye mfuko wa nailoni, akamwambia anakonda, ale. Kisha akauliza kama mama ameanza kutembea.

"Anatembea kidogo," Chelagat akasema.

"Mwambie Jumamosi nikitoka Subukia nitamletea kabeji."

Chelagat alishika ile chapati mkononi akaenda nayo hadi chooni. Alifungua maji ya bomba yapige kelele, halafu akalia huku ameishika. Hasira zangu kwake zilipungua kidogo hapo, nikiri. Kidogo tu, kwa sababu karatasi ilikuwa bado mfukoni mwa Kiprugut na yeye alikuwa hajafanya lolote kuihusu.

Aliosha uso akarudi mezani pake. Mtu aliyekosea hutafuta kazi ya kufanya, na kazi ilikuwa pale ikimngoja. Kama alishindwa kumwokoa rafiki yake, angalau afunge mlango.

Akaingia kwenye seva. Akarudisha maswali yote. Kuanzia sasa, kila anayetaka kutuma barua kwa jina la Ushirika lazima aonyeshe yeye ni nani, kwa pasiwodi yake, na atume kwa jina lake mwenyewe tu. Ilikuwa kazi ndogo kiasi cha kutia aibu. Hata chai isingepoa.

Halafu akakaa akitazama.

Barua zilianza kugonga na kukataliwa. Moja baada ya nyingine zilipanda kwenye kioo kama siafu, kila moja imekataliwa kwa sababu ileile, kwamba aliyeituma hajathibitishwa. Na jina kwenye kila moja lilikuwa lilelile. Wangare. Wangare. Wangare. Kumbe hata sasa, saa hii, kuna watu huko duniani wanalitumia jina lake, na mwenyewe ameketi kwenye benchi nje akisubiri kufutwa.

Simu ikalia. Alikuwa karani wa kituo cha Keringet, analalamika kwamba imeli imekataa kwenda, eti inamuuliza pasiwodi. Chelagat akamtengenezea mpya palepale, akamsubiri aiandike, akamwambia asimpe mtu. Karani akanung'unika kwamba hii kitu inasumbua. Chelagat akamjibu kwamba ni kweli, inasumbua, lakini avumilie. Baada yake akapiga wa Subukia, na huyo pia akahudumiwa. Simu mbili fupi. Hizo ndizo simu ambazo wiki ile ya matanga zilionekana taabu kubwa kuzipokea.

Lilibaki jambo moja. Wale walinzi wa barua waliotufungia hawafungui mpaka uwaandikie kwenye fomu ya tovuti yao. Nao wana maswali yao: tatizo lilikuwa nini, mmefanya nini lisirudi tena?

Chelagat akaandika bila kusita. Seva yetu ilikuwa ikipokea barua kutoka kwa yeyote bila kumthibitisha. Msimamizi aliondoa uthibitisho huo na hakuurudisha. Msimamizi huyo ni mimi. Karani ambaye jina lake limetumika hahusiki hata kidogo. Leo uthibitisho umerudishwa.

Akatuma.

Na hapo, wapendwa, ndipo lilipomgonga. Aliyoyaandika aliyasoma tena kwenye kioo. Amewaambia ukweli watu asiowajua, walio ng'ambo huko, ambao hawatawahi kumkatia chapati. Aliandika kirahisi hivyo. Lakini kwa Wangare, aliyemtafutia nyumba, aliyemlisha, anayemletea mama yake kabeji, amesaini uongo. Alijiona mchafu kuliko zile barua.

Alibeba tarakilishi yake ya mkononi kwapani akatoka. Benchi lilikuwa tupu. Wangare alikuwa ameshaitwa ndani.

Chelagat hakubisha hodi.

Halmashauri ilikuwa imeketi kuizunguka meza ndefu, Kiprugut mbele. Ile karatasi ilikuwa imekunjuliwa mkononi mwake, na alikuwa amefika pale panaposema "akaunti yake mwenyewe". Wangare alisimama upande wa pili akiwa ameinamisha kichwa. Mjumbe mmoja wa Subukia alikuwa akichezea miwani yake kwa aibu, maana alimjua Wangare tangu akiwa msichana.

Kiprugut alimwambia Chelagat kwamba hajaitwa, ripoti yake imetosha.

"Ripoti ni ya uongo," Chelagat akasema. "Nilisaini uongo. Wangare hajatuma hata barua moja."

Kimeumana, kama wasemavyo vijana.

Chelagat akaeleza yote akiwa amesimama. Jinsi seva inavyouliza maswali, jinsi alivyoyaondoa wiki ya mazishi ya Mzee Kahiga, jinsi alivyoyaacha hivyo hata baada ya mazishi, na barua chafu zilipoanza akaogopa kuyarudisha, kwa sababu kuyarudisha kungekuwa ni kukiri kwamba yalikuwa yameondolewa. Alisema aliombwa na kamati, lakini jina hakulitaja. Vidole vilivyobonyeza ni vyake, akasema, na lawama ni yake.

Kiprugut akacheka. Nampa haki yake, mzee anajua kucheka. Aliwaambia wajumbe wasidanganyike, hawa wawili ni marafiki, wanakula sahani moja, na huyu amekuja kumfunika mwenzake. Akauliza tangu lini mtu anaweza kutuma barua kwa jina la mwingine bila pasiwodi yake. Wajumbe wakatingisha vichwa. Kwa kweli hata mimi ningetingisha. Kitu kikiandikwa jina lako juu, nani ataamini si chako?

Chelagat akaweka tarakilishi mezani. Aliomba ruhusa ya kuwaonyesha. Kiprugut alitaka kukataa, lakini Mama Jepkemboi wa Keringet, mkulima mzee kuliko wote pale, mwenye ng'ombe wengi na maneno machache, akasema aachwe aonyeshe.

Chelagat aliondoa maswali tena, safari hii kwa mashine ile moja tu iliyokuwa mbele yake, nje kukabaki kumefungwa. Akaandika barua fupi. Mahali pa mwandishi akaandika jina na anwani ya Kiprugut. Hakuweka pasiwodi yoyote. Akaituma kwa wajumbe wote kwenye anwani zao za Ushirika, ambazo barua za ndani huzifikia bila kupita kwa wale waliotufungia.

Simu zikalia mezani, moja hapa, moja pale. Wajumbe wakavaa miwani wakasoma. Yule wa Subukia alisoma mara mbili, akamgeukia Kiprugut kwa huzuni, akampa pole.

"Pole ya nini?" Kiprugut akauliza.

Akageuziwa simu. Barua ilikuwa imetoka kwake. Ilisema: Mimi, Kiprugut, ninajiuzulu uenyekiti kuanzia leo. Asanteni kwa ushirikiano.

"Mimi sijaandika hii kitu," Kiprugut akasema. Jasho lilikuwa limeanza. "Simu yangu iko mfukoni. Mmeniona nikiandika?"

Mama Jepkemboi akaweka simu yake mezani.

"Hata Wangare alisema hivyo hivyo," akasema. "Na sisi tukamcheka."

Chelagat akarudisha maswali, akajaribu kutuma barua ileile mara ya pili. Seva ikamkatalia. Simu hazikulia. Kisha akawageuzia kioo waone zile nyingine, zinazogonga kutoka nje na kukataliwa, kila moja na jina la Wangare, huku Wangare mwenyewe amesimama mbele yao amefumbata mikono.

Mama Jepkemboi alizitazama kwa muda mrefu. Alisema sasa ameelewa. Mkulima akichora namba ya Jepkemboi kwenye mkebe wake, akajaza maziwa ya maji, akauacha kituoni, Jepkemboi ndiye angefukuzwa. Kwa hivyo maziwa yakiingia yanapimwa, yakitoka yanapimwa, na mwenye mkebe anaulizwa ni nani kabla haujapokelewa. Akataka kujua ni nani alikuwa amewekwa kwa upande wa barua kuuliza hivyo.

"Ni seva," Chelagat akasema. "Na mimi ndiye nilimnyamazisha."

Wajumbe wakanong'onezana. Haikuchukua muda. Yule wa Subukia akasema Wangare arudi kwa kazi yake, na Ushirika umwandikie askofu, mwalimu mkuu mmoja mmoja, na kila mnunuzi, uwaambie kwamba jina la huyu mama lilitumiwa na wezi. Wote wakainua mikono. Kiprugut akainua wake mwisho, nusu nusu.

Chelagat alifunga macho akashusha pumzi. Alijua yeye sasa kazi imeota mbawa, na bima, na mguu wa mama. Lakini Wangare amepona. Alisema moyoni kwamba angalau hilo amelifanya. Alimgeukia rafiki yake, na nadhani alitarajia kukumbatiwa. Ndivyo tulivyo sisi watu, tunatenda ubaya halafu tukiupunguza kidogo tunangoja shukrani.

Wangare hakumkumbatia. Aliizunguka meza hadi kwa Kiprugut, akaiokota ile karatasi, akaisoma hadi chini palipo na sahihi. Alipozungumza hakupandisha sauti.

"Mimi nilijua," akasema.

Chelagat hakuelewa.

"Wakati wa matanga mimi ndiye nilikuwa namimina chai ya kamati. Nilikusikia ukikataa kuondoa hizo maswali. Ulisema mtu yeyote ataweza kutumia jina la mtu yeyote. Hizo barua zilipotoka na jina langu, nilijua siku hiyo hiyo ni nini imefanyika."

Mama Jepkemboi akamuuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini basi hakusema. Amesengenywa sokoni, ametolewa kwenye kwaya, watoto wake wamechekwa shuleni, na muda huo wote alikuwa na neno moja tu la kusema akawa huru.

"Ningesema, mngemfuta yeye," Wangare akajibu. "Na mama yake ni mgonjwa, anategemea hiyo kazi. Nikasema wacha nimpe nafasi, atasema mwenyewe. Kila asubuhi nilikuwa nakuja nikifikiria leo atasema."

Aliikunja karatasi, sahihi ikabaki juu, akaiweka mbele ya Chelagat.

"Kitu sikujua ni kwamba utasaini."

Chelagat angesema nini? Pole? Pole ni ya mtu aliyekukanyaga kwenye foleni. Machozi yalikuja lakini aliona haya kuyaacha yatoke, maana machozi yale yangemfanya yeye ndiye wa kuhurumiwa, na hakustahili. Alisimama tu akiitazama sahihi yake mwenyewe, iliyoandikwa vizuri, pamoja na ile tarehe ambayo hakuna aliyemwomba aiweke.

"Jina langu limerudi, nashukuru," Wangare akasema, akichukua mkoba wake. "Lakini wewe, Chelagat, sijui sasa nikuweke wapi."

Akatoka. Hakubamiza mlango, na afadhali angeubamiza. Walisikia viatu vyake vikienda kwenye ukumbi, polepole, mpaka vikaacha kusikika.

Wajumbe walianza kukusanya vitu vyao. Kiprugut alikuwa wa kwanza kusimama. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyepona ajali, kwamba basi jambo limekwisha, aliyekosea amejitaja, na halmashauri itamshughulikia kwa taratibu zake. Hata alimwekea Chelagat mkono begani.

"Kaa chini, mwenyekiti," Mama Jepkemboi akasema.

Alikuwa amesimama mlangoni. Hakuna aliyemwona akitoka kitini. Aliufunga ule mlango uliokuwa umeachwa wazi kidogo, akaegemea hapo kwa mwili wake wote mdogo, akamtazama Chelagat peke yake.

"Huyo mama amesema alikusikia ukikataa. Mtu hukataa akiambiwa. Uliambiwa na nani?"

Mkono wa Kiprugut ulikuwa bado begani mwa Chelagat. Haukumbana wala kumtisha. Chelagat aliinua uso akayaona macho ya yule mzee karibu kabisa na yake, na hayakuwa na amri ndani yake. Yalikuwa yakimsihi, kama alivyomsihi wiki ile ya matanga.

Na safari hii alikuwa anaomba jambo dogo tu, kwamba Chelagat anyamaze.